Mkato kwenye Kiingereza: wapi una uhuru, wapi huna

Chukua sentensi hii, ya aina unayoweza kuikuta kwenye mbao za matangazo kuanzia Mwanza hadi Mombasa: "All applicants who have been shortlisted, are requested to report at 8 a.m." Tahajia ni safi, adabu ipo, ujumbe umefika. Kosa ni moja tu, nalo ni ule mkato baada ya "shortlisted". Aliyeuweka hakuwa mzembe. Alisoma sentensi yake kimoyomoyo, akahisi pumzi inakatika pale, akaweka alama. Ndivyo wengi tulivyofundishwa tangu shule ya msingi: nukta ni kusimama, mkato ni kupumua kidogo.

Fundisho hilo lilikuwa na haki yake zamani. Wenye lugha yao, katika karne ya 18, waliandika hivyohivyo. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanamalizika kwa maneno haya: "the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed." Mkato umekaa kati ya kiima na kitenzi, mahali palepale ulipokaa kwenye tangazo letu la usaili. Wakati ule hakuna aliyeshangaa, kwa sababu alama zilimhudumia mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu. Baadaye Kiingereza kilianza kupunguza alama na kuziweka kwa kufuata muundo wa sentensi, si pumzi ya msomaji. Ndugu wawili Waingereza, Henry na Francis Fowler, walipotoa The King's English mwaka 1906, tayari walikuwa wanasisitiza kwamba alama ziwe chache kadiri inavyowezekana, mradi kazi ifanyike. Ile mikato ya 1791, ambayo hata haikufanana katika nakala zilizopelekwa kwenye majimbo, imebishaniwa mahakamani mpaka karne hii.

Kwa hiyo ukiuliza uweke mikato mingi kiasi gani unapoandika Kiingereza, utapata majibu mawili. Kuna mikato isiyo na hiari: ukiiweka au ukiiacha, maana inageuka au sentensi inavunjika. Na kuna mikato ya hiari, ambayo waandishi wazuri wanatofautiana juu yake na wote wanakula mkate wao. Shida ya wengi wetu ni kwamba tunajipa uhuru kwenye ile ya kwanza, halafu tunaiogopa ile ya pili. Nianze na ya kwanza.

Mahali ambapo haukai kabisa

Usiweke mkato mmoja kati ya kiima na kitenzi chake, hata kiima kiwe na maneno ishirini. Kosa hili linatuandama kwa sababu Kiswahili kinalivumilia. Magazeti yetu huandika, "Waombaji wote walioteuliwa kwa ajili ya usaili, wanatakiwa kufika saa mbili asubuhi," na msomaji hapotei. Hawezi kupotea, kwa kuwa ile "wa-" ya "wanatakiwa" inamrudisha moja kwa moja kwa waombaji. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. "Are" inaweza kuwa ya waombaji, ya viti, ya mawingu. Kinachomwongoza msomaji ni mpangilio: kiima kwanza, kitenzi kikifuata. Ukiweka mkato katikati, unamwambia kwamba kuna jambo la pembeni linachomekwa. Analisubiri, halifiki. Kiima kikiwa kirefu mpaka unahisi kukosa pumzi, dawa yake ni kuivunja sentensi: "The following applicants have been shortlisted. They should report at 8 a.m."

Jamaa za kosa hili ni tatu, nazo zimejaa kwenye taarifa za ofisini. Ya kwanza ni mkato kabla ya "that": "The committee agreed, that the road should be repaired." Ondoa. Ya pili ni mkato baada ya "such as": "We sell items such as, sugar, rice and soap." Ondoa ule wa kwanza. Ya tatu ni mkato baada ya "although": "Although, the rain was heavy, we travelled." Neno hilo linaongoza kishazi chake chote, halitengwi nacho, mkato unaobaki ni ule baada ya "heavy".

Sasa lile ambalo walimu wa Kiingereza hulikata kwa wino mwekundu kuliko yote: kuunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu. "We received your letter on Monday, we shall reply next week." Hapa pia tunabeba tabia ya kwetu. Kwa Kiswahili unasema, "Alifika, akakaa, akanywa chai, akaondoka," na mkato unatosha kwa sababu "-ka-" ndiyo inayounganisha matukio. Mkato ni msindikizaji tu. Kiingereza hakina "-ka-". Ukiondoa kiunganishi, hakuna kinachoshika vishazi viwili pamoja, na mkato peke yake hauna nguvu hizo. Una njia nne za kutoka. Weka nukta. Weka nukta mkato. Weka kiunganishi baada ya mkato: "We received your letter on Monday, and we shall reply next week." Au fanya kishazi kimoja kiwe tegemezi: "Although we received your letter on Monday, we shall reply next week." Kila moja ina ladha yake, nukta ndiyo isiyokosea kamwe.

Jihadhari na maneno yanayofanana na viunganishi ilhali si viunganishi: "however", "therefore", "otherwise", "then". "The bridge was washed away, however the bus arrived on time" ni sentensi mbili zilizofungwa kwa uzi mbovu. Andika "The bridge was washed away; however, the bus arrived on time," au tumia "but" na mkato wako wa kawaida. Mwanya upo mdogo: vishazi vifupi vyenye umbo moja vinaweza kufuatana kwa mikato tu, kama "You cook, I wash, she serves." Waandishi wa riwaya huupanua mwanya huo watakavyo. Kwenye barua ya maombi ya kazi, usiwaige.

Na kiunganishi "and" hakidai mkato kila kinapotokea. Kikiunganisha sentensi mbili zenye viima viwili, mkato unakuja kabla yake: "The driver stopped the bus, and the passengers got off." Kama kiima ni kilekile na hakikurudiwa, hauji: "The driver stopped the bus and opened the door." Vishazi vikiwa vifupi sana, hata ule wa kwanza unaweza kuuacha: "He knocked and I opened."

"Who", "which" na suala la mke

Hapa ndipo mkato wa Kiingereza unapobeba maana nzito kuliko mahali pengine popote, na ndipo Kiswahili kisipotusaidia. Tazama kanuni ya kazi: "Employees who come late will lose a day's pay." Anayechelewa atakatwa. Ongeza mikato miwili: "Employees, who come late, will lose a day's pay." Sasa umesema kwamba wafanyakazi wote huchelewa, na wote watakatwa. Maneno hayajabadilika hata moja. Sisi tunasema "wafanyakazi wanaochelewa watakatwa mshahara", na kirejeshi "-o-" kinafanya kazi zote mbili. Msikilizaji anapambanua kwa muktadha, au tunamsaidia kwa "wale". Kiingereza kimeikabidhi kazi hiyo kwa mkato.

Jiulize swali moja kila unapofika kwenye "who" au "which": nikiyafuta maneno haya, msomaji bado atajua namzungumzia nani? Kama atajua, maneno hayo ni nyongeza. Yazungushie mikato miwili. Kama hatajua, maneno hayo ndiyo kitambulisho chenyewe; usiweke hata mmoja. "Lake Victoria, which is shared by Kenya, Tanzania and Uganda, is the largest lake in Africa" inataka mikato, kwa sababu ziwa lenye jina hilo linajulikana hata ukinyamaza. "The lake which we crossed yesterday was calm" haitaki, kwa sababu bila maneno yale maziwa ni mengi. Kwenye vishazi vya namna hii "that" haizungushiwi mikato, kwa vile kazi yake ni kutambulisha tu. Ukisita kati ya "which" na "that", ingiza "that": sentensi ikikaa vizuri, mikato haitakiwi.

Mantiki hiyo inafika hadi kwenye majina. "My brother who lives in Muscat has called" ni maneno ya mtu mwenye kaka kadhaa, mmoja wao yuko Maskati. "My brother, who lives in Muscat, has called" ni ya mtu mwenye kaka mmoja tu. Kwa kanuni kali, "my wife, Rehema," inatangaza ndoa ya mke mmoja, na "my wife Rehema" bila mikato inaacha mlango wazi kwa bi mdogo. Wenye wake wawili, angalau mara hii, wamepewa sentensi rahisi zaidi. Waingereza wenyewe hawaibani sana kanuni hii kwenye maneno mafupi ya nyumbani, kwa hiyo asipewe mtu talaka kwa ajili ya mkato. Kwenye maandishi rasmi ifuate. Andika "Shaaban Robert's novel Kusadikika" bila mkato kabla ya jina la kitabu, maana riwaya zake ni zaidi ya moja, na mkato ungemnyang'anya Utubora Mkulima na nyinginezo. Andika "Tanzania's first president, Julius Nyerere," kwa mikato, kwa sababu rais wa kwanza ni mmoja. Lakini "Tanzania's former president Benjamin Mkapa" haihitaji, kwa sababu marais wastaafu wako kadhaa.

Umeona kwamba mikato ya nyongeza huja miwili miwili. Sentensi "Tanzania's first president, Julius Nyerere translated two plays by Shakespeare" ina mkato mmoja ulioachwa peke yake. Mwenzake alitakiwa kusimama baada ya "Nyerere". Ukisahau wa pili, unakuwa umekitenganisha kiima na kitenzi, yaani umerudi kwenye kosa la tangazo. Namna ya kukagua ni hii: ziba kwa kidole maneno yaliyo kati ya mikato miwili, kisha soma yanayobaki. Yakisomeka, mikato iko mahali pake. Kipimo hiki kinafaa pia kwa "Dodoma, Tanzania, is" na kwa "Mr Juma, on the other hand, refused". Kuna wakati nyongeza ni ndefu au ina mikato yake ndani. Hapo tumia deshi mbili au mabano, ili msomaji asihesabu mikato kwa vidole.

Jina la unayemwita nalo lina mkato wa lazima. "I don't know, Asha" ni jibu kwa Asha. "I don't know Asha" ni kumkana. Kwenye ujumbe wa simu watu hawajali, na mara nyingi haidhuru. Kwenye barua pepe ya kazi, "Thank you, Doctor" inagharimu kubonyeza mara moja tu.

Orodha, na mkato uliolipiwa dola milioni 5

Je, kabla ya "and" ya mwisho katika orodha, uweke mkato? "Sugar, rice and soap", au "sugar, rice, and soap"? Mkato huo wa mwisho umepewa jina la Oxford kwa sababu matbaa ya chuo kikuu hicho imeushikilia kwa zaidi ya karne nzima. Mwongozo wa uandishi wa Chicago, ambao vyuo na wachapishaji wengi wa Marekani huufuata, unaupendekeza. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha, na shirika la habari la Associated Press huuacha katika orodha nyepesi. Shule zetu za Afrika Mashariki zilirithi desturi ya Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana wengi wetu tunauona kama kitu kigeni. Mwaka 2020 Uingereza ilipotoa sarafu ya peni 50 ya kuadhimisha kutoka Umoja wa Ulaya, iliandikwa "Peace, prosperity and friendship with all nations", na mwandishi Philip Pullman akataka watu waliosoma waikatae kwa kukosa mkato baada ya "prosperity". Wengine walimcheka. Sarafu ikaendelea kutumika.

Mahakamani hawakucheka. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya malipo ya ovataimu iliwaondoa watu wanaofanya kazi fulani na vyakula vinavyoharibika: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wanasambaza bidhaa, si kuzifungasha. Kampuni ilisema usambazaji ni kazi ya mwisho katika orodha, kwa hiyo hawana ovataimu. Madereva walisema hapana: hakuna mkato baada ya "shipment", basi kazi ya mwisho ni moja, nayo ni kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Wakaongeza hoja ya sarufi iliyonikuna: kazi zote kwenye orodha zinaishia na "-ing", ila "shipment" na "distribution" haziishii hivyo, kwa hiyo hizo mbili ni pacha. Kampuni nayo ikajibu kwamba mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo uliwaagiza wasitumie mkato wa mwisho. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ilisema sheria ina utata, na utata huo ukatatuliwa kwa faida ya madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Wabunge wa Maine wakaiandika upya sheria kwa nukta mkato kila kituo, na "distribution" ikawa "distributing".

Usitoke hapo ukidhani mkato wa Oxford ni kinga ya kila kitu. "I invited the teachers, Juma and Asha" inaweza kueleweka kwamba Juma na Asha ndio walimu wenyewe. Mkato wa mwisho unaondoa shaka. Lakini badilisha kidogo: "I invited my teacher, Juma, and Asha." Sasa mkato uleule umeleta shaka, maana Juma anaweza kuwa ndiye mwalimu. Ushauri wangu ni huu. Kwenye mkataba, zabuni, wosia, katiba ya chama au ya ushirika, uweke kila mara, halafu bado upange orodha upya pale utata unapobaki: "I invited Juma, Asha and my teacher." Kwingineko chagua desturi moja uishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachomkera msomaji ni kuuona kwenye aya moja na kuukosa kwenye inayofuata.

Tukiwa bado kwenye mikataba, kuna kisa cha Kanada kinachofaa kukumbukwa na kila anayetia saini hati za lugha mbili. Kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombana juu ya mkataba wa kutumia nguzo za nyaya wa miaka mitano uliokuwa na haki ya kuusitisha kwa notisi ya mwaka mmoja. Mkato mmoja kabla ya "unless" ulifanya isieleweke kama notisi hiyo ingeweza kutolewa hata ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua, kwa nguvu ya mkato huo, kwamba inawezekana. Mwaka 2007 uamuzi ukageuka, kwa sababu matini ya Kifaransa ya mkataba haikuwa na utata huo. Kwetu, ambako hati nyingi huandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, andika ndani ya hati yenyewe ni lugha ipi itakayotawala zikitofautiana.

Mikato ya hiari

Huku sasa unaweza kupumua. Maneno ya kutangulia sentensi, kama "In 2019", "Yesterday", "At the market", hayahitaji mkato yakiwa mafupi. "In 2019 we moved to Arusha" ni sawa. "In 2019, we moved to Arusha" pia ni sawa. Mimi huuacha. Utangulizi ukiwa mrefu, au ukiwa na kitenzi ndani yake, uweke: "When the rain stopped, we left." Ukigeuza mpangilio, unautoa: "We left when the rain stopped." Na uweke bila kujadili pale ambapo bila huo mkato msomaji atajikwaa. "After eating the dog slept" inamfanya mtu aanze kumla mbwa kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Jarida la The New Yorker lina sifa ya kupenda mikato, tangu siku za mhariri wake mwanzilishi, Harold Ross. James Thurber, aliyeandika humo kwa miaka mingi, aliulizwa kwa nini sentensi moja yake ilikuwa na mkato baada ya "After dinner" wakati wanaume walikuwa wanahamia tu sebuleni. Alijibu kwamba hiyo ilikuwa njia ya Ross ya kuwapa wanaume hao nafasi ya kusukuma viti nyuma na kusimama. Utani huo unaonyesha hasara ya mikato mingi. Kila mmoja humpunguzia msomaji mwendo, na sentensi yenye mitano au sita isiyo ya lazima husomeka kama gari kwenye barabara ya matuta. Maneno kama "perhaps", "of course", "also" na "indeed" yanaweza kukaa ndani ya sentensi bila uzio. "He was perhaps tired" inatembea. "He was, perhaps, tired" inatia mashaka na kejeli kidogo. Tumia ya pili ukitaka kejeli hiyo.

Vivumishi viwili mbele ya nomino vina kipimo chepesi. Jaribu kuvigeuza nafasi, au kuviwekea "and" katikati. "A long, difficult journey" inakubali yote mawili, weka mkato. "A large wooden door" haikubali. Hakuna anayesema "a wooden and large door", basi usiweke. Idadi na rangi nazo hazitaki: "three big red buses".

Kuna "because" ambayo imekaa kati ya hiari na lazima, na wengi hawaijui hatari yake. "She did not come because she was ill" inaweza kuwa na maana kwamba hakuja, sababu ni ugonjwa. Inaweza pia kuwa na maana kwamba alikuja, ila si kwa sababu ya ugonjwa. Labda alikuja hospitali kumwona mtu. Mkato kabla ya "because" unaielekeza kwenye maana ya kwanza. Hata hivyo, kwenye taarifa ya nidhamu au ripoti ya polisi nisingeuamini mkato pekee. Ningeandika, "Because she was ill, she did not come."

Tarakimu, tarehe na barua

Tarehe ya mtindo wa Uingereza haina mkato: "12 May 2024". Ya Kimarekani inao, tena miwili ikiwa katikati ya sentensi: "On May 12, 2024, the office closed." Kwenye barua, "Dear Sir," na "Yours faithfully," huenda pamoja: ukiweka mkato juu, weka na chini, ukiacha juu, acha na chini. Biashara za Marekani huweka nukta pacha baada ya "Dear Sir".

Kwenye tarakimu kuna mtego halisi kwa wasomaji wa Lubumbashi, Bujumbura na kwingine walikosoma hesabu kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza, 1,500 ni elfu moja mia tano, na moja na nusu huandikwa 1.5. Kwa Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, kwa hiyo 1,500 husomwa moja na nusu. Ankara ikivuka mpaka na tarakimu hizo, andika kiasi kwa maneno pia.

Ukimaliza rasimu yako, ipitie mara moja ukitazama mikato tu. Kila mmoja uulize unafanya kazi gani: unatenga vitu vya orodha, unazungushia nyongeza, unafuata utangulizi, unatangulia kiunganishi cha sentensi mbili, au unatenga jina la unayemwita. Usiokuwa na jibu, futa. Kisha angalia lugha iliyowekwa kwenye kompyuta yako. Programu za kukagua maandishi zikiwekwa Kiingereza cha Marekani zinaweza kukudai mkato wa Oxford na mikato ya tarehe ambayo mwajiri wako wa Nairobi au Dar es Salaam haitaki. Badilisha mpangilio kabla hujaanza kubishana nazo. Na kama ofisi, gazeti au chuo unachokiandikia kina mwongozo wake wa uandishi, ufuate, hata pale unapoona mwongozo huo umekosea kuhusu ule mkato kabla ya "and".